Mlango Niliousahau Wazi

Nianze na upumbavu wenyewe, maana nikianza na uzuri wa milima nitajipendelea.

Kazi yangu ni kutunza mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa unaotumiwa na zahanati chache, za Morogoro mjini na za juu Uluguru. Mfumo huo ni programu nyingi ndogo, kila moja imefungiwa kwenye kontena lake, na zote zinaendeshwa na kompyuta tatu zinazosaidiana, tunaziita klasta. Humo ndani programu huongea zenyewe kwa zenyewe bila kuulizana nywila, kama watu wa nyumba moja. Mtu wa nje hazioni mpaka umfungulie njia, na njia halali ni moja: lango la mbele, linalomuuliza kila ajaye yeye ni nani.

Ijumaa moja lango hilo lilinigomea. Cheti chake cha usalama kilikuwa kimeisha muda, na muuguzi wa zahanati moja ya misheni alikuwa kwenye simu, anataka orodha ya wagonjwa wake wa kifua kikuu ajue nani wa kuja kuchukua dawa Jumatatu. Mimi hasira zangu ziko karibu. Badala ya kuhangaika na cheti, nilifungua faili ya mipangilio nikabadilisha neno moja, na programu ya orodha ikapata porti, yaani mlango wake wa nje, bila lango, bila nywila. Nikamtumia muuguzi anwani. Pembeni ya lile neno nikaandika: ya muda. Kisha nikaenda kula wali maharage, nikasahau.

Siku kumi na moja baadaye muuguzi alipiga tena, sauti imemshuka.

"Picha ya orodha ipo kwenye grupu la wasapu la kijiji. Majina yote. Wagonjwa wangu watatu hawajaja kuchukua dawa."

Nani alimpa nani ile anwani sikupata kujua. Mlango niliufunga papo hapo, haikuchukua hata dakika moja, na hilo ndilo linaloniuma: kazi ya dakika moja. Ofisini niliandika kwamba hitilafu ya mipangilio imerekebishwa. Sentensi safi, isiyo na mtu ndani yake.

Mmoja wa wale watatu alikuwa mama mkubwa wangu, dada wa mama kwa ukoo, aliyenibeba mgongoni mama yangu alipokuwa akishusha mboga sokoni. Muuguzi alijua, ndiyo maana akaniomba nipande nikazungumze naye. Alinieleza kwamba mama mkubwa ameshapita muda wa kuambukiza mtu. Kilichobaki ni kumaliza dozi. Akiikatisha, ugonjwa unaweza kurudi na dawa hizi zikashindwa.

Nilitoka Kilakala, mjini ninakokaa, kwa bodaboda mpaka barabara ilipoishia, nikamalizia kwa miguu. Nilimkuta akipalilia kabichi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Huko mjini mnakula simu?"

Alinikaribisha ndani akanieleza bila kuulizwa. Kwenye msiba wa jirani, mtani wake alikuwa anagawa chai. Wenzake wote wakapewa vikombe, yeye akatiliwa kwenye kopo la maziwa. Watu wakaangua kicheko.

"Na mimi nikacheka," alisema. "Mtani utamnunia? Nikainywa yote. Ila zahanati sirudi. Wameniuza kule."

Nilitakiwa kusema pale pale kwamba zahanati haikumuuza, ni mimi. Nilifungua mdomo, nikasikia ukitoka uongo: "Ni mitambo, mama. Ilipata hitilafu." Akatikisa kichwa, akamimina chai kwenye kikombe chake mwenyewe, cha bati, kilichobanduka rangi ukingoni, akakisukuma mbele yangu na kunitazama. Nilikinywa mpaka majani ya chini. Nilikunywa kwa hatia. Yeye akaona upendo.

Jumatatu akaenda kuchukua dawa.

Tangu hapo kila Jumamosi mama mmoja anayeshusha mboga mjini alinipitishia furushi: figili, mchicha, mara nyingine parachichi mbili. Na salamu zilezile: "Anasema asante kwa kile kikombe." Nilikuwa nakula mboga zile nimeinama kama mtoto aliyedokoa nyama.

Mgonjwa wa pili naye alirudi, mama mkubwa ndiye aliyemshawishi. Wa tatu, mzee mmoja wa ng'ambo ya korongo, aligoma. Mama mkubwa akanipigia.

"Anasema atarudi siku aliyeitoa orodha atakapokuja kusimama mbele yake. Nimemwambia huyo hatumjui, ila mwanangu atakuja kunywa naye chai. Njoo Jumapili."

Nilipanda. Njiani alinitangulia, akinisifu kwa kila tuliyekutana naye: huyu ndiye aliyekunywa. Kila sifa niliisikia kama kofi.

Mzee alikuwa kibarazani, mashavu yamebonyea, kikohozi kimeshaanza upya. Kikombe kikaletwa. Mikono yangu ilibaki magotini.

"Shikamoo mzee. Aliyeufungua ule mlango ni mimi. Nilikuwa na haraka, nikasahau kuufunga. Nisamehe."

Mzee alikohoa, akafuta mdomo kwa kitambaa.

"Kumbe una sura," alisema. "Basi kunywa, chai inapoa."

Nilikunywa. Nilipogeuka, mama mkubwa alikuwa ameshasimama, anafunga upya kanga yake kiunoni. Tulishuka mlima. Kwenye njia panda ya kwake alisema tu, "Nenda salama," hakusema mwanangu.

Mzee alirudi zahanati wiki ileile, muuguzi akanipigia kunishukuru. Jumamosi nilikaa mlangoni tangu asubuhi kumsubiri yule mama wa mboga. Alipita, tukasalimiana vizuri, akatua kapu apumzike kidogo. Kisha akajitwika tena akaendelea sokoni, maana kapuni hamkuwa na furushi langu.