Mtu Aliyeomba Apunguziwe Mshahara

Jumapili iliyopita, ibada ilipokaribia kwisha, mzee wa kanisa alisimama mbele yetu hapa Kapsoit akatangaza kwamba yule Bwana Nyapara wa zamani amefariki kwa homa ya kifua. Watu waligeukiana. Nilimsikia mama mmoja nyuma yangu akinong'ona, "Nani huyo?" Mwenzake akamjibu, "Si yule mzee wa kutoka ziwani, anakaa chumba cha nyuma ya duka la Mhindi. Yule hana watu." Kisha tukasimama kuimba wimbo wa mwisho, lakini mimi sikuweza kuimba. Nilimfahamu marehemu kwa miaka michache tu, tangu ahamie hapa karibu na shule ninayofundisha, na sikuwa ndugu yake wala mtu wa kabila lake. Hata hivyo alikuwa na desturi ya kuja kwangu Jumapili mchana, kuketi kibarazani na kuzungumza mpaka jua lishuke, na katika mazungumzo hayo nilikuja kujua kwamba mtu huyu alikuwa na watu, tena wengi. Ninyi mnaosoma ukurasa huu mtanivumilia leo nikisimulia jinsi walivyompotea.

Alifika Kericho wakati msitu ulipokuwa bado unafyekwa na miche ya chai haijafika magotini. Aling'oa visiki, akachimba mashimo, akachuma majani, na mwishowe akafanywa nyapara wa kikosi kimoja. Alikuwa na sauti kubwa na mzaha mwingi, na watu walimpenda kwa sababu alipomkaripia mtu asubuhi, jioni alikuwa ameketi naye jikoni kwake. Kambini aliishi ukuta kwa ukuta na rafiki yake waliyetoka naye kijiji kimoja kando ya ziwa. Wake zao walipika kwa zamu, na waume walikula sahani moja. Aliniambia kuwa katika miaka ile hakuwahi kufikiri kama ana furaha au hana, kwani hakuwa na wakati wa kuketi peke yake akafikiri.

Kisha bei ya chai ikaanguka huko Ulaya. Kwenye mashamba yetu haya watu walianza kupunguzwa, na safari hii hata Wazungu hawakuachwa. Meneja wa shamba lile alimwachisha kazi msaidizi wake, kijana ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Mdogo. Kijana huyo aliuza kitanda chake na meza yake, akaenda Londiani kupanda gari la moshi, asionekane tena. Kesho yake meneja alimwita nyapara wetu ofisini, akamwambia kwa Kiswahili chao kile cha mashambani, "Sasa wewe nafanya kazi ya Bwana Mdogo. Wewe takaa nyumba yake." Marehemu aliuliza kama atapata pia mshahara wa Bwana Mdogo. Meneja alicheka, wala hakucheka kwa ubaya. "Mshahara ya Mzungu ni ya Mzungu. Lakini wewe tapata kushinda watu yote nyeusi hapa." Kisha akaongeza sharti moja: "Hapana kula huko kambini tena. Wewe nakula na watu leo, kesho watu hapana sikia wewe."

Alikubali. Ni nani kati yetu angekataa? Nyumba ilikuwa ya mawe, juu ya kilima, na kutoka dirishani aliona kambi nzima chini yake, moshi wa kila jiko. Mkewe alifurahia sakafu ya saruji kwa muda mfupi. Alipoteremka mtoni kufua, wanawake walimwachia jiwe zuri kuliko yote, halafu wakanyamaza. Akirudi nyumbani hakuwa na mtu wa kusema naye ila mumewe, na mumewe alikuwa shambani tangu alfajiri. Msimu wa kupanda ulipowadia aliomba ruhusa kwenda kwao kulima. Alivuna, akapanda tena, akavuna tena, wala hakurudi. Alituma salamu nyingi za mapenzi, na watoto walikuwa wakikua vizuri. "Hakuniacha," marehemu aliniambia. "Aliiacha nyumba ile tu. Na mimi nilikuwa ndani yake."

Jumapili moja upweke ulimshinda, akalivunja lile sharti. Alivaa shati la kawaida, akateremka kwa rafiki yake. Alisikia vicheko kabla hajafika, na alipoinamisha kichwa kuingia mlangoni vikakatika. Mke wa rafiki yake aliinuka upesi, akampisha kwenye kiti cha pekee kilichokuwamo, akamwekea samaki katika sahani ya peke yake. Wengine walikaa wakimtazama akila. Rafiki yake, ambaye siku zote alimwita *omera*, yaani ndugu kwa lugha yao, alimwambia, "Karibu chakula, Bwana." Aliniapia kwamba hapakuwa na kejeli yoyote katika neno hilo, na kwamba ndiyo maana lilimuuma. Alikula, akashukuru, akapanda kilima.

Mambo yalizidi kuwa mabaya. Bei iliendelea kushuka, na meneja akampa kazi ya kuwatangazia wachumaji kwamba ujira wao umepunguzwa. Alisimama mbele yao asubuhi kwenye gwaride la kugawiwa kazi, akayasema maneno kama alivyoagizwa. Hakuna aliyepiga kelele. Mke wa rafiki yake, kikapu mgongoni, aliuliza tu kwa sauti ya kawaida, "Sasa shemeji, na yako pia wamekata?"

Wachumaji walipoondoka marehemu alikwenda moja kwa moja ofisini, akamwomba meneja amkate na yeye. Nilipomsikia akinisimulia hayo nilidhani nimemsikia vibaya, nikamwomba arudie. Ndiyo, alikwenda kuomba apunguziwe mshahara. Meneja alimtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Mimi nakata yako, kesho watu nasema wewe ni kama wao." Marehemu akasema hicho ndicho anachokitaka. Akaomba basi arudishwe kuwa nyapara, akae kambini. Meneja akatikisa kichwa, akamwambia kwamba nyumba ile na kazi ile ni kitu kimoja, naye akitoka katika moja ametoka katika zote. Marehemu alikuwa na watoto wa kulipiwa shule. Alirudi shambani, na katika miezi iliyofuata akatangaza mengine mabaya zaidi, yakiwamo majina ya walioachishwa.

Miaka ikapita, bei ikapanda, na shamba likaletewa Bwana Mdogo mpya kutoka Uingereza. Marehemu akaambiwa ahame ile nyumba, akapewa tena kikosi chake cha zamani kama anakitaka. Siku hiyo aliteremka na godoro lake kichwani mpaka mwanzo wa kambi, akasimama pale. Watu walikuwa wakiota jua milangoni. Aliwaona, nao wakamwona. Hakuna aliyemwita. Akageuka, akaifuata barabara mpaka Kapsoit, akapangisha chumba nyuma ya duka. Nilimuuliza siku moja kwa nini hakurudi ziwani kwa mkewe. Akanijibu, "Mwalimu, nimezoea kukaa kimya. Nikirudi, nitawajazia nyumba nzima kimya."

Mkewe alikuja na lori siku ya pili ya msiba, pamoja na wanawe wawili waliosoma kwa mshahara ule, vijana warefu waliosimama mbali na jeneza kama wageni. Kutoka shambani walikuja watu wengi kuliko nilivyotazamia. Mke wa rafiki yake alikuwa miongoni mwao, sasa mjane. Alipojua kwamba marehemu alikuwa akija kwangu, alinivuta kando.

"Mwalimu, alikuwa anasema juu yetu?"

"Kila Jumapili," nikamjibu.

Akaanza kulia. "Ile siku alikuja na godoro, mume wangu alikuwa mlangoni. Aliniambia, ngoja, asituone kama tunamcheka. Aingie mwenyewe. Tulikuwa tunangoja aingie."

Nimekuwa nikiyafikiria maneno hayo wiki nzima. Wengi watasema kosa lilikuwa la meneja na sharti lake, nami sitabishana nao. Mshahara unaomnunua mtu kutoka kwa wenzake ni mshahara mbaya hata ukiwa mkubwa. Lakini kwenye mlango ule hapakuwa na meneja. Palikuwa na watu waliopendana, kila mmoja akimstahi mwenzake mno hata asithubutu kufungua mdomo.

Juzi nilipata nafasi katika lori la mbao nikaenda Londiani. Huko yuko kijana niliyemfundisha, ambaye mwaka huu amefanywa msimamizi wa kitalu cha miti cha msitu, amepewa nyumba yake na watu wengi wa kuwaamuru. Aliponiona langoni alishtuka.

"Mwalimu, kuna msiba?"

"Hakuna. Nimekuja kukusalimu tu."

Alisimama akiushika mkono wangu, asiuachie, akaniambia kwamba tangu apandishwe cheo mimi ni mtu wa kwanza kumtembelea bila shida ya kuomba. Shule zetu zinatoa vijana wengi, na kadiri siku zinavyokwenda wengine wao watawekwa juu ya wenzao, mashambani na misituni. Watatutisha kidogo kwa nguo zao na nyumba zao. Kama unaye mmoja wa namna hiyo, usimngoje akuite, wala usifikiri kwamba amekusahau. Nenda kwake, umwite kwa jina ulilokuwa ukimwita zamani.