Neno Lililobaki

Mchungaji huyu hakuwa mhubiri wa kutikisa kuta. Sauti yake ilikuwa nyembamba, na akipanda mimbarani watu wa viti vya nyuma walianza kukagua kucha zao. Lakini ukimpa kalamu, ni mtu mwingine kabisa. Kila Ijumaa aliandika tafakari ya ukurasa mmoja, karani wa kanisa akaichapa na kuitoa nakala, na Jumapili watu wakaigombania mlangoni. Imani aliieleza kwa bomba linalovuja, kwa kitasa kilichokwama, kwa soksi iliyopotelewa na mwenzake. Fundi viatu wa pale kona, ambaye kanisani haonekani, alikuwa amebandika tafakari tatu nne ukutani juu ya cherehani yake.

Walichokuwa hawakijui ni kwamba bomba, kitasa na soksi vyote vilikuwa vya mkewe. Mama mchungaji ndiye aliyekuwa anaviona. Alikaa upande wa pili wa meza ya jikoni akichambua mchele, mumewe anamsomea alichoandika, naye anakikata vipande bila huruma. "Bwana, hili neno umeliokota wapi? Lirudishe." Au, "Bwana, umeandika vizuri sana juu ya unyenyekevu. Sasa nyenyekea uoshe vyombo." Mbele za watu alimwita Mchungaji, kwa adabu zote. Nyumbani alikuwa Bwana tu, tangu uchumba, kwa sauti ya mtu anayemtafuta aliyejificha asitumwe.

Kiharusi kilimkuta akianika nguo. Mkono na mguu wa kulia vililala, na maneno yakamwisha yote. Hospitali walimtibu walivyoweza, wakamrudisha nyumbani, na akina mama wa kanisa wakagawana zamu za kumwogesha na kumlisha. Mchungaji alibaki na meza ya jikoni na karatasi tupu. Tafakari zake zikawa kavu, maneno makubwa matupu ambayo mkewe angeyafagia yote. Maombi nayo yakakauka. Alipiga magoti, akafungua mdomo, akasikia friji inavyonguruma. Aliogopa, na hofu yenyewe hakuwa na wa kumwambia, maana kazi yake ilikuwa kuondoa hofu za wengine.

Ndipo asubuhi moja mkewe akatamka. Neno lilitoka polepole, limepinda kidogo upande mmoja, lakini lilikuwa neno. "Bwana."

Mchungaji alilia mpaka miwani ikaloa. Mwanamke amepoteza lugha nzima, hana maji, hana chakula, hana hata jina lake mwenyewe, na neno pekee lililobaki ni hilo. Alihitaji ishara, na alipoipata hakuikagua. Ijumaa ile kalamu ilikimbia yenyewe. Tafakari ya wiki hiyo ilipita mikono mingi kuliko zote alizowahi kuandika, na karani alilazimika kutoa nakala mara ya pili.

Watu wakaanza kuja. Kanisani kwao ndivyo walivyozoea tangu zamani: kiongozi akisema "Bwana," kusanyiko linamalizia "asifiwe." Kwa hiyo mama mchungaji akisema "Bwana," chumba kizima kinaitikia "Asifiwe," wengine na machozi, na wanaondoka wameinuliwa. Mchungaji aliwaambia akina mama wa zamu wamlaze ameelekea mlangoni, wageni wamwone uso. Walimlaza ubavu wa kushoto, ule mzima, maana ule uliokufa waliogopa kuuumiza. Mkono wake pekee unaofanya kazi ukawa chini yake, umelaliwa. Mama wa zamu ya asubuhi alimfuta uso na kifua, akidhani wa jioni ndiye anayemgeuza. Wa jioni alidhani hivyo hivyo.

Naye aliendelea kuita. Aliita wageni wakiwepo na wakiwa wameondoka. Siku nyingine aliita bila kupumzika, akikunja uso, na mchungaji, aliyekuwa jikoni anaandika, aliitikia "Asifiwe" bila kuinua kichwa. Tafakari ziliiva kama zamani. Moja ilihusu maombi yasiyochoka.

Mdogo wake mama mchungaji alifika Ijumaa, na mabegi mawili na miguu iliyovimba kwa safari. Ni mwanamke wa maneno machache na makali. Alimkuta shemeji yake mezani, kalamu mkononi, na kutoka chumbani sauti ya dada yake.

"Bwana."

"Asifiwe," akaitikia mchungaji, na kumtabasamia mgeni. "Umemsikia? Ndiyo hivyo kutwa nzima."

Yule mgeni hakukaa. "Shemeji, dada anakuita."

"Anamwita Bwana."

"Bwana yupi?"

Mchungaji aliweka kalamu chini.

"Dada yangu akisali anafumba macho na sauti inashuka," mgeni akasema. "Hiyo ni sauti ya 'bwana njoo hapa.' Miaka yote hii hujaijua?"

Aliingia chumbani, akaweka mabegi chini, akamkumbatia dada yake kwa ajili ya kumsalimia, akasikia harufu. Alifunua shuka. Akamgeuza taratibu, na mchungaji, aliyekuwa amefika mlangoni, aliona nyonga ya mkewe. Palikuwa na kidonda cha kulala upande mmoja, cheusi pembeni, na katikati kina shimo. Mkono wa kushoto ulipotoka chini ya mwili ulikuwa umevimba, na kitu cha kwanza ulichofanya ni kwenda pale, kuonyesha.

Kutwa nzima. Wiki baada ya wiki alikuwa anasema panauma, nigeuze, njoo, kwa neno pekee alilokuwa nalo, na neno lenyewe lilikuwa jina la mumewe. Na mumewe alikuwa analiandikia tafakari.

Muuguzi wa jirani alikuja, akatazama, akapima joto. Alimwambia mchungaji ukweli nje ya mlango: kidonda kimefika kwenye mfupa, sumu imeingia kwenye damu, mgonjwa anatakiwa hospitali sasa hivi, na hata huko yeye hawezi kumwahidi kitu. Mdogo wa mgonjwa akatoka mbio kutafuta gari. Sebuleni walikuwa wameshaketi akina mama kutoka mtaa wa pili, wageni wa muujiza, mikoba magotini, hawajaambiwa lolote.

Simu ikaita. Alikuwa karani. "Mchungaji, mashine iko tayari, nasubiri tafakari."

"Andika kwamba alikuwa ananiita mimi."

Karani akauliza, "Hiyo ni aya ya kwanza?"

"Ndiyo yote."

"Na mstari wa Biblia, Mchungaji?"

Alikata simu. Alijipenyeza kati ya kitanda na ukuta, upande ambao sasa mkewe alikuwa ameelekea, akapiga magoti pale pembamba, goti moja juu ya ndala zake mama, ambazo hakuna aliyezigusa tangu siku ile ya kuanika nguo. Uso wa mgonjwa uliwaka homa. Macho yalikuwa wazi nusu, hayamtazami mtu.

"Nipo," alimwambia. "Mke wangu, nimekuja. Niite tena."

Hakuita. Alishika mkono wake wa kushoto, ule uliovimba, akausubiri umfinye, umsukume, umkatae hata, lakini haukufanya chochote. Aliinama mpaka sikio likagusa midomo yake. Pumzi ilikuwepo, fupi na ya moto, na ndani yake hapakuwa na neno.

Mchungaji alitaka kuomba. Maisha yake yote aliwafundisha watu kuomba, kwa karatasi, kwa mifano, kwa aya zenye mwanzo na mwisho. Alitafuta sentensi moja tu, ya kuombea msamaha, ya kuombea gari liwahi, ya kusema usimchukue. Haikuja. Kila alipofungua mdomo lilikuwepo neno moja tu, lile lile, na hakujua tena kama lina mtu wa kulisikia. Akalisema kwa sauti yote aliyokuwa nayo, kwa kuwa palikuwa panamuuma na hakuwa na njia nyingine ya kusema.

"Bwana."

Na kutoka sebuleni, wakiwa tayari wamejipanga vitini, wale akina mama wakamwitikia kwa pamoja, "Asifiwe."