Kurasa Kubwa na Foleni ya Alizeti

Kiwanda cha kukamua alizeti nilichofanyia kazi mjini Singida kilikuwa na seva moja. Ndani yake nilitengeneza kompyuta nne zisizoshikika kwa mkono: ya mizani ya malori, ya stoo, ya mishahara na ya kamera. Kila moja ilijiona iko peke yake duniani. Kazi yangu ilikuwa kuziacha ziendelee kuamini hivyo.

Mwaka mmoja mzee mwenye kiwanda alirudi kutoka mkutanoni Dodoma akiwa ameogopeshwa na habari za wadukuzi. Akamleta mtaalamu wa usalama, kijana mtanashati asiyependa mzaha. Kijana aliikagua seva: prosesa, ambayo ndiyo ubongo wake, na kurasa za kumbukumbu, yaani mafungu ambamo hupanga data zake. Akanikunjia uso.

"Prosesa hii ina kasoro," alisema. "Kompyuta ya ndani yenye nia mbaya inaweza kuzitumia kurasa kubwa za kumbukumbu ikaigandisha seva nzima. Kinga ipo. Nani kaizima?"

"Mimi. Ukiiwasha, kurasa kubwa zinakatwakatwa vipande, seva inahangaika kutafuta kila kipande. Kompyuta ya mizani itakuwa nzito, itajikokota."

"Na mshambuliaji je?"

"Atoke wapi, kaka? Zote nne ni zetu. Labda mishahara iamue kuivamia stoo."

Hakucheka. Mzee, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema, "Binti, washa. Nataka kulala usingizi."

Nikawasha.

Mavuno yalipoanza, malori kutoka Ikungi na Mtinko yalijaa uani. Mizani ilikwenda vizuri kwa muda mfupi, kisha ikaganda. Nilijua kinachotokea: kila baada ya muda seva ilijaribu kuziunga upya kurasa ilizozikata yenyewe, na wakati huo lori liko juu ya mizani na dereva anapiga honi. Foleni ilifika barabarani. Vumbi na upepo wa kipupwe vikawamaliza madereva uvumilivu.

Dada aliyeendesha kompyuta ya mizani naye aligundua kwamba akitoka kwenye mfumo, kuingia tena ni shughuli pevu. Basi akaacha kutoka. Alifungua asubuhi, kompyuta ikabaki wazi hadi jioni, hata akienda kula. Siku moja nikamkuta dereva ameingiza mkono dirishani, anabonyeza "Thibitisha".

"Unafanya nini?"

"Nasaidia, dada. Mwenyewe kaenda kunywa chai. Neno la siri tunalijua, ila leo halijahitajika."

Nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Foleni hii ni ya wadukuzi?"

"Hapana, mzee. Ni ya kinga."

Nilimweleza kuhusu ule mkono dirishani. Akampigia mtaalamu na kuweka sauti ya nje. Mtaalamu alijibu kwa shingo upande: kama hakuna kompyuta ya mgeni ndani ya seva, tunaweza kuizima. Ila mgeni asiingie.

Nilizima kwa amri moja. Nikabadilisha maneno ya siri, nikamwekea dada wa mizani wavu dirishani. Kabla ya adhuhuri uani pakawa peupe, nami nikajisikia mtu mwenye akili sana.

Mzee alifurahi kuliko mimi. Alijisifia mji mzima kuhusu seva yake, na wiki hiyohiyo akaniita.

"Binti, humo ndani kuna nafasi. Nimemwahidi shemeji yangu wa duka la simu kompyuta moja. Vijana wake wataiendesha wenyewe."

"Mzee, huyo ndiye mgeni tuliyeambiwa."

"Shemeji yangu si mgeni."

Nilijaribu kumweleza kwamba prosesa haijui undugu. Alinitazama kana kwamba nimemtukania familia. Ahadi ilikuwa imeshatolewa mbele za watu, hivyo haikurudi.

Nikaiwasha kinga tena. Mizani nikaihamishia kwenye kompyuta kuukuu niliyoipata dukani kwa fundi, nikaiweka chini ya meza ya yule dada. Inafanya kazi moja tu na haina habari na kurasa kubwa wala ndogo. Malori yanapita bila tatizo. Seva iko kwenye chumba chake chenye kiyoyozi, inatunza picha za simu za shemeji, na mzee huwapeleka wageni kuitazama.