Vitamini Kwenye Rafu ya Vitamini

Pale hospitalini walimwita Mama Mistari, kwa sababu katika stoo ya dawa aliyoisimamia kila chupa ilitazama mbele na kila boksi lilisimama sawa na mwenzake. Hata nyumbani vijiko vyake vililala upande mmoja. Mumewe alizoea kumtania, "Siku nikichelewa kuamka utanipanga kabatini na masufuria." Naye alicheka, maana sifa hiyo ilimkaa vizuri.

Wiki ile, akifuta vumbi chumba cha dharura, aliona kwenye droo ya toroli chupa ya unga mwekundu. Akasoma karatasi yake: ni jamii ya vitamini B12, kama ile wanayochomwa wenye upungufu wa damu. Akatikisa kichwa. Vitamini inatafuta nini katikati ya dawa za kuokolea roho? Akaipeleka stoo, akaiweka kwenye rafu ya vitamini, nyuma ya nyingine. Hakumwambia mtu. Kwake lilikuwa jambo dogo, kama kuokota pini.

Mwisho wa wiki karakana ya magodoro ikashika moto. Akaletwa fundi mmoja, masizi puani, mwili haukuungua sana lakini pumzi zinakatika.

"Huyu hakuumizwa na moto, ni moshi," daktari alisema huku akimwekea oksijeni. "Sponji ikiungua inatoa sumu ya sayanaidi. Nipeni ile dawa nyekundu ya kwenye toroli."

Muuguzi wa zamu, mtu mzima ambaye wote walimwita Shangazi, akavuta droo. Akavuta ya pili. Akarudia ya kwanza.

"Haipo, daktari."

"Imekwenda wapi? Imeota miguu?"

Mama Mistari alikuwa mlangoni na katoni ya glavu. Akaitupa katoni, akatimua mbio. Kule stoo mikono yake ilihangaika kuivuka mistari yake mwenyewe. Chupa zikaanguka, akaziacha zibingirike, akarudi mbio na ile nyekundu.

Shangazi akaichanganya dawa na maji ya dripu, akiigeuzageuza chupa taratibu bila kuitikisa kwa nguvu, kisha ikaanza kushuka mshipani. Mama Mistari alikodolea macho kifua cha fundi. Dripu ilipokaribia kwisha, yule bwana akakohoa, akafumbua macho, akauliza cherehani yake iko wapi.

Ndipo daktari akamgeukia Shangazi mbele ya wote. "Toroli ni lako. Hukulikagua, mpaka dawa ikafuatwe stoo? Angekufa, ungemwambia nini mkewe? Kuanzia kesho atalishika mwingine."

Shangazi akainamisha kichwa. Mama Mistari akainama kuokota glavu.

Kwenye korido mke wa fundi akamshika mikono. "Nimesikia ulivyokimbia, dada. Miguu yako imeniokolea mume." Kisha akasita. "Lakini mbona amekuwa mwekundu? Hata mkojo. Anatokwa damu?"

"Ni rangi ya dawa tu, mama. Inainasa ile sumu, halafu inatoka nayo kwa mkojo. Wekundu utaisha." Alijibu akitazama sakafu.

Akamfuata Shangazi kwenye sinki. "Shangazi, ile chupa..."

"Najua. Siku ile nilikuona ukitoka na kitu, sikujua ni nini. Nimeelewa uliporudi nacho."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umesimama pale pale. Nilidhani utasema mwenyewe."

Akarudi kunawa mikono. Afadhali angemtukana.

Mama Mistari akagonga mlango wa daktari. "Shangazi hana kosa. Mimi ndiye niliyeihamisha. Niliona ni vitamini, nikaipeleka kwa vitamini."

"Ulimuuliza nani?"

"Sikumuuliza mtu."

Daktari akainuka kitini. "Basi twende ukaseme hayo mbele ya wale walionisikia nikimfokea. Na mimi nina la kumwambia."

Mama Mistari akasema yote mbele yao, kwa sauti ndogo, uso ukimwaka. Daktari akamwomba Shangazi radhi, akamrudishia toroli lake. Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuuma zaidi.

Jioni Shangazi alimkuta stoo amepiga magoti katikati ya chupa. Naye akainama, akaokota moja.

"Hii inakaa wapi, Mama Mistari?"

Mkono ulikwenda wenyewe kuonyesha rafu, kisha ukashuka.

"Sijui," alisema. "Tukaulize."