Masikio ya Shosho

Tulishinda msituni, katikati ya India, tukimtafuta simbamarara. Jioni tukapelekwa kijiji cha wenyeji wa msitu huo. Bibi mmoja mwenye ndewe ndefu zilizotobolewa akafungua kikopo cha ugoro. Wenzangu wakampiga picha. Harufu ile ikanirudisha utotoni, mtaani kwetu Mbotela.

Shosho, nyanya yangu, alikuwa amekuja kutoka mashambani kututembelea, akinuka ugoro, na ndewe zake zilining'inia hivyohivyo. Rafiki zangu wakachungulia mlangoni wakicheka.

"Huyo ni nani wenu?"

"Ni mama mboga tu, amekuja kuuza," nikasema.

Shosho alisikia. Alitoka polepole, akaketi kwenye ngazi hadi mama aliporudi kutoka kazini.

"Mbona umekaa nje?" mama akamuuliza.

"Naota jua," akajibu, na jua lilikuwa limeshatua. Hakunitaja.