Amri za Asubuhi za Doña Eulogia

Saa moja kasoro asubuhi. Manyunyu ya mji wa Xalapa, Meksiko, yameshaanza, na Doña Eulogia Tepole amesimama chini ya ngazi, ufagio mkononi.

"Chukua mwavuli, mwanangu," anamwambia Maricruz, muuguzi wa ghorofa ya tatu. "Na ule kitu kabla ya zamu. Kahawa si chakula."

Maricruz anacheka, anageuka kuufuata mwavuli. Nyuma yake anashuka Don Heriberto, mwalimu mstaafu wa tarumbeta.

"Umezima gesi?"

Mzee anatazama juu, kuelekea mlango wake.

"Rudi ukaangalie. Taratibu, usikimbie kwenye ngazi."

Mama huyu wa miaka 58 amekuwa bawabu wa jengo hili la familia ishirini na nne kwa miaka kumi na tisa. Analipwa peso elfu saba kwa mwezi, pamoja na chumba kando ya lango. Kukumbusha watu hakumo kwenye mkataba wake.

"Nililea watoto watano," anasema. "Wao wameondoka, mdomo umebaki."

Mwaka jana mdomo huo nusura umponze. Wakili Evaristo Argüelles alihamia ghorofa ya nne, na siku ya pili tu akaambiwa, "Funga kamba za viatu, utaanguka." Akalalamika kwa kamati ya jengo: bawabu anamwita *tú*, kama mtoto wake wa kumzaa, badala ya *usted* ya heshima. Kamati ikamtaka mama abadilike.

Alijaribu. "Nikisema, 'Bwana, naomba ukumbuke mwavuli wako,' najiona kama barua ya benki. Nikaona bora ninyamaze."

Kwa wiki tatu ngazi zilikuwa kimya. Maricruz alilowa mara nne. Don Heriberto aliunguza sufuria, na moshi ukajaa ghorofa nzima. Doña Eulogia alipanda mbio, akamkuta amejikunyata kwenye roshani, anakohoa.

"Nililia," anasema. "Asubuhi ile nilimwona akirudi na mkate, nikajua atabandika maziwa motoni ayasahau. Sikumwambia kitu."

Kesho yake wakili alishuka na mkoba kwapani, anakwenda mahakamani. Bawabu akamtazama miguuni, kisha akainamisha kichwa.

"Kuna nini?"

"Hakuna, bwana wakili."

"Niambie kama unavyowaambia wenzangu."

"Basi rudi ukabadilishe viatu. Kimoja cheusi, kingine cha kahawia."

"Nilicheka mpaka nikakaa kwenye ngazi," wakili anasimulia. "Jioni hiyo hiyo nikafuta malalamiko."

Desemba hii Doña Eulogia atapanda ndege kwa mara ya kwanza, kwenda Tijuana kumwona mjukuu aliyezaliwa Agosti. Sasa kila anayepita langoni ana lake la kumwambia: vaa koti, usimwachie mtu begi lako, tupigie ukifika. Wakili amemwambia moja tu: "Usisahau kurudi."

"Nitarudi tarehe kumi na mbili," anasema, akikunja kitambaa cha kudekia. "Kumi na tatu wanaleta mitungi ya gesi. Don Heriberto simwachi nayo peke yake."