Ukumbi Ambao Haukuitwa

Mdogo wangu, umeniuliza kama mchezo wa mwaka huu muutie Kifaransa. Ningekuita mwanangu, kama wazee wanavyofanya, lakini nimemaliza chuo juzi tu na sina hata mvi moja. Nina aibu. Basi ikae mahali pa mvi.

Siku ile ya ukumbi wa kanisa, mtaani Mutakura, naikumbuka hata nikiwa nafua nguo. Unajua mchezo wetu: babu aliutunga kwetu Kongo, kule Uvira, na tulipokimbilia Bujumbura, Koko, mjane wake, akashikilia uchezwe kila mwaka kwa Kifuliru, ili watoto waliozaliwa huku waisikie lugha. Na desturi unaijua: msimulizi huita, ukumbi huitika. Asipoitikiwa, hasogei.

Mwaka ule msimulizi nilikuwa mimi. Wakubwa wa mtaa walialikwa. Nikawaza: wakisikia Kifuliru watatuona washamba. Nikawaza tena: wasipoelewa watasinzia, na wakisinzia watu wetu watawaona. Nikawaza hivyo mpaka nikaugeuza mchezo wote kuwa Kifaransa, bila kumwambia Koko, ambaye Kifaransa hakijui.

Nikaita. Kimya. Nikaita tena. Wageni wakatabasamu kwa adabu. Watu wetu wakatazama miguu yao. Nikasonga mbele hivyohivyo, bila kuitikiwa. Nilipofika katikati, Koko, aliyekaa mbele na fimbo yake, akauliza kwa sauti:

"Mutoto, munaanza saa ngapi?"

Ukumbi ukacheka. Majuto ni mjukuu, husema wazee. Yangu hayakungoja kuzaliwa.

"Koko, tumeshaanza."

"Apana. Mi sijaitwa."

Akasimama, akaita yeye mwenyewe kwa Kifuliru. Ukumbi ukaitika mpaka mabati yakalia. Hata wageni, wasiojua neno moja, waliitika.

Baadaye aliniambia taratibu: "Wageni uliwapa kiti. Sisi benye nyumba ukatusimamisha."

Mkataa kwao ni mtumwa, mdogo wangu, na mimi nilijifanya mtumwa wa watu ambao hata hawakuniomba.

Kwa hiyo usiutie Kifaransa. Mgeni mkalishe karibu na mtu wetu, amnong'oneze maana. Ukiona haya, ona haya mbele ya aliyekuja kusikia lugha yake akarudi bila kuisikia. Koko haoni vizuri siku hizi, lakini atakaa palepale mbele. Mwite.

Mungu akupe sauti, na kila utakapoita, akupe wa kukuitikia.